Kuelekeza Makatizo ya Vifaa vya PCI Ndani ya Kerneli: Kutoka Pini Hadi Vekta

Kila Jumamosi ninapokaa na vijana wanaojifunza kuandika kerneli, kiini cha mfumo endeshi, hapa Mbeya, wengi wao kutoka Iyunga na wengine wakinipigia simu kutoka Iringa, swali huwa ni lile lile. Draiva ya kadi ya mtandao imeandikwa, inasoma anwani ya kadi bila shida, rejista zote zinajibu, lakini kerneli haipati katizo hata moja, yaani ishara ya kifaa ya kuomba kihudumiwe na prosesa. Au inapata makatizo mfululizo mpaka mashine inaganda. Karibu kila mara ninapofungua msimbo pamoja na mwenye swali, kosa halimo kwenye draiva. Limo njiani, kati ya pini ya kifaa na vekta ya prosesa, na kwa kuwa njia hiyo ina vituo kadhaa na kila kituo kina namba zake, mtu anaweza kupoteza wiki nzima akikagua mahali pasipo na kosa. Nimeamua kuiandika njia yote mara moja, kwa mpangilio ninaoufuata mimi mwenyewe, ili anayekwama aweze kurudi kwenye hatua aliyoiruka.

Mwongozo huu unahusu kompyuta za x86 zenye biti 64, na makatizo ya pini ya PCI, mfumo wa kuunganisha kadi na kompyuta, yanayopita kwenye I/O APIC, chipu inayopokea waya za makatizo na kuyapeleka kwa prosesa. Njia mpya zaidi ya MSI, isiyotumia waya, nitaigusa kwa ufupi kabla ya sehemu ya matatizo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kwanza, kerneli yako iwe tayari inaweza kuwaka, iwe na IDT, yaani jedwali linaloiambia prosesa iruke wapi kosa au katizo linapotokea, yenye vishughulikiaji vya makosa yote 32 ya prosesa, iweze kuweka ramani ya kurasa za kumbukumbu, na iweze kuandika maneno kwenye poti ya siriali ya 0x3F8. Usianze kuelekeza makatizo kama bado huna njia ya kuona kerneli inasema nini, kwa sababu kosa la katizo mara nyingi huiua mashine bila kuacha neno kwenye skrini.

Pili, QEMU, programu inayoiga kompyuta nzima. Haihitaji mashine yenye nguvu. Kompyuta ya mezani ya mtumba iliyonunuliwa Mwanjelwa inatosha, hata kama prosesa yake haina uwezo wa mashine pepe, kwa sababu QEMU ina uwezo wa kuiga prosesa yote kwa programu.

Tatu, maktaba ya kusoma majedwali ya ACPI, ambayo mashine huyatumia kuueleza mfumo endeshi jinsi ilivyounganishwa, na kuendesha msimbo wa AML uliomo ndani yake. ACPICA, uACPI na LAI zote zinafaa. Anayetaka kukwepa sehemu hii kwa kuandika namba za QEMU moja kwa moja ndani ya kerneli atafanikiwa kwenye QEMU na kushindwa kwenye mashine ya kwanza ya kweli atakayoigusa.

Nne, pakua mapema nyaraka tatu ili usihangaike na bando katikati ya kazi: maelezo rasmi ya ACPI, waraka wa Intel wa chipu ya 82093AA, na juzuu ya 3 ya mwongozo wa Intel wa waandishi wa programu.

Tano, karatasi na kalamu. Chora jedwali lenye safu hizi: njia (bus), kifaa, kazi (function), pini, GSI, aina ya ishara, vekta. Nawasihi vijana wafanye hivi hata wanapoona ni jambo la kitoto, na anayelijaza jedwali hilo kwa mkono hupata jibu lake kabla hajamaliza kulijaza.

Namba nne ambazo hazifanani

Nadharia ni hii tu. Pini ni waya wa kifaa chenyewe, nazo ni nne: INTA, INTB, INTC na INTD. GSI ni namba ya mlango wa I/O APIC ambao waya huo unaishia. IRQ ya zamani, kuanzia 0 hadi 15, ni namba ya mlango wa chipu za 8259 zilizotangulia I/O APIC. Vekta ni nafasi ndani ya IDT ambayo prosesa itaruka kwenda, na kwa makatizo ya vifaa huwa kati ya 32 na 255.

Mzigo unaotoka Tukuyu kwenda Songea ukipandishwa gari moja hadi Uyole, jingine hadi Makambako, na la tatu hadi Songea, anayeusubiri Songea hawezi kuuliza kwa namba ya gari la Tukuyu. Ndivyo ilivyo hapa. Pini ya 1 si IRQ 1, IRQ 11 haina lazima ya kuwa GSI 11, na GSI 11 haina uhusiano wowote na vekta 11 mpaka wewe mwenyewe uuandike.

Jambo la mwisho la kukumbuka ni kwamba waya hizi huunganishwa pamoja, vifaa kadhaa kwenye waya mmoja. Kwa sababu hiyo PCI hutumia katizo la kiwango na si la ukingo: kifaa hushikilia waya mpaka kihudumiwe, na waya unabaki umeshikiliwa maadamu kuna hata kifaa kimoja kinachosubiri. Nusu ya maonyo yaliyo hapa chini yanatokana na ukweli huo.

Hatua ya 1: Andaa uwanja wa majaribio

Usijifunzie kwenye kadi ya mtandao peke yake, kwa sababu huwezi kuiamuru itoe katizo kabla hujaiandalia mambo mengine mengi. QEMU ina kifaa kinachoitwa edu, kilichotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Masaryk nchini Czech, na kazi yake mojawapo ni kutoa katizo pale unapokiagiza. Washa mashine hivi:

```
qemu-system-x86_64 -M pc -m 256 -cdrom kerneli.iso \
  -serial stdio -no-reboot -d int -D katizo.log \
  -netdev user,id=n0 -device e1000,netdev=n0,addr=3 \
  -device edu,addr=4
```

Nimetaja nafasi za vifaa kwa makusudi, kadi ya e1000 ikiwa ya 3 na edu ya 4, na sababu utaiona katika hatua ya 6. Faili la katizo.log litaandikwa kila katizo linalofika kwenye prosesa, mradi hujaongeza chaguo la KVM, linaloiendesha kerneli kwenye prosesa ya kweli badala ya ile ya kuigwa.

Hatua ya 2: Soma pini ya kifaa

Pitia njia ya PCI kwa kutumia poti 0xCF8 na 0xCFC:

```
uint32_t pci_soma(uint8_t njia, uint8_t kifaa,
                  uint8_t kazi, uint8_t nafasi)
{
    uint32_t a = 0x80000000u | (njia << 16) | (kifaa << 11)
               | (kazi << 8) | (nafasi & 0xFC);
    outl(0xCF8, a);
    return inl(0xCFC);
}
```

Tafuta kifaa chenye namba ya mtengenezaji 0x1234 na namba ya kifaa 0x11E8. Hicho ndicho edu. Kisha soma neno la nafasi ya 0x3C. Baiti ya chini kabisa, yaani 0x3C yenyewe, ni namba ya IRQ, na baiti inayofuata, 0x3D, ni pini: 0 maana yake kifaa hakitumii pini, 1 ni INTA, na 4 ni INTD. Kwa edu utapata pini ya 1.

Onyo: kwenye 0x3C utakuta 11, na hapa ndipo wengi wanapotekwa. Namba hiyo ni kumbukumbu tu iliyoandikwa na BIOS ili mfumo endeshi ujue njia iliyopangwa kwa chipu za 8259. Kifaa chenyewe hakiisomi, na ukiibadilisha hakuna waya unaohama. Katika hali ya I/O APIC haupaswi kuitumia kabisa, hata kama kwa bahati inalingana na GSI.

Ukiwa hapa, kwa kila kifaa unachokipata, washa biti ya 10 ya rejista ya amri iliyoko nafasi ya 0x04. Biti hiyo inakizuia kifaa kushika waya wa katizo, nayo inakukinga na vifaa ambavyo BIOS iliviacha vikiwa vimeshika waya. Utaizima kifaa kimoja kimoja kadiri draiva zake zinavyokuwa tayari.

Hatua ya 3: Nyamazisha chipu za 8259 na uwashe APIC ya prosesa

Hamisha kwanza makatizo ya 8259 yaende kwenye vekta 0x20 hadi 0x2F, ndipo uzibe milango yote kwa kuandika 0xFF kwenye poti 0x21 na 0xA1. Wapo wanaoziba bila kuhamisha wakiamini kwamba chipu iliyozibwa haisemi kitu. Inaweza kusema: katizo la uongo la mlango wa 7 au wa 15 hupenya hata milango ikiwa imezibwa, na kwa mpangilio wa BIOS katizo la mlango wa 7 litaangukia vekta 15, mahali palipotengwa kwa ajili ya makosa ya prosesa.

Baada ya hapo weka ramani ya ukurasa wa 0xFEE00000, ambako ndiko APIC ya prosesa, inayopokea makatizo kutoka I/O APIC, inakokaa kwa kawaida, na uandike 0x1FF kwenye rejista yake ya 0xF0. Biti ya 8 inaiwasha, na 0xFF inakuwa vekta ya makatizo ya uongo. Ukurasa huu, pamoja na ule wa I/O APIC, lazima uwekewe alama ya kutohifadhiwa kwenye kashe.

Hatua ya 4: Soma jedwali la MADT

Jedwali hili la ACPI lina sahihi ya herufi APIC. Unayoyatafuta ndani yake ni mambo mawili. La kwanza ni maingizo ya aina ya 1, ambayo yanataja kila I/O APIC, anwani yake, na GSI yake ya kwanza. La pili ni maingizo ya aina ya 2, ambayo ni marekebisho: yanasema IRQ fulani ya zamani iko kwenye GSI ipi, na ishara yake ni ya namna gani.

Usiyapuuze marekebisho. Kwa desturi katizo la PCI ni la kiwango na waya hushikwa kwa kushusha volti, lakini mashine ya aina ya pc ndani ya QEMU ina marekebisho ya namba 5, 9, 10 na 11 yenye bendera 0xD, maana yake ni la kiwango, ila kwa volti ya juu. Pia utaona IRQ 0 imehamishiwa GSI 2, na ndiyo sababu saa ya zamani hukataa kupiga kwa anayefungua mlango wa 0. Andika marekebisho yote kwenye karatasi yako.

Hatua ya 5: Iambie ACPI kwamba unatumia APIC

Endesha mbinu ya ACPI iitwayo \_PIC ukiipa namba 1. Ni mstari mmoja wa msimbo, na ukiusahau baadhi ya mazabodi zitakupa njia za chipu za 8259 badala ya njia za I/O APIC. Mashine ya pc ya QEMU haijali, kwa hiyo kosa hili hujificha hadi siku unapohamia q35, aina nyingine ya mashine ya QEMU, au mashine ya kweli. Lifanye kabla ya kusoma njia yoyote.

Hatua ya 6: Tafuta njia katika jedwali la \_PRT

Hii ndiyo hatua yenyewe, na ndiyo ninayoomba uisome polepole.

Tafuta katika nafasi ya majina ya ACPI kifaa chenye kitambulisho PNP0A03 au PNP0A08. Hicho ni mzizi wa njia ya PCI. Endesha \_PRT yake, inayosema kila pini inaelekea wapi, au tumia kazi ya maktaba, kwa mfano AcpiGetIrqRoutingTable kama unatumia ACPICA. Utapata orodha ya maingizo, kila moja likiwa na sehemu nne: anwani, pini, chanzo, na namba ya chanzo. Biti 16 za juu za anwani ni namba ya kifaa, na biti 16 za chini ni 0xFFFF, maana yake kazi zote za kifaa hicho.

Onyo kubwa: katika rejista ya 0x3D pini huhesabiwa kuanzia 1, lakini katika \_PRT huhesabiwa kuanzia 0. INTA ni 1 kule na ni 0 huku. Lazima utoe moja. Kosa hili liliwahi kunila siku kadhaa, na halikunila kwa sababu ya uzito wake bali kwa sababu lilijificha. Tazama jinsi linavyojificha katika mashine tuliyoiwasha. Kadi ya e1000 iko nafasi ya 3, na pini yake ya INTA inaelekea kiungo LNKC, yaani kifaa cha ACPI kinachoupangia waya namba yake. BIOS ya QEMU imekipangia kiungo hicho namba 11. Ukisahau kutoa moja, utasoma ingizo la INTB, ambalo linaelekea LNKD, na LNKD nacho kimepangiwa 11. Jibu linakuwa sahihi kwa njia iliyo mbovu, draiva inafanya kazi, nawe unaendelea mbele ukiwa na amani. Sasa chukua edu kwenye nafasi ya 4: INTA yake inaelekea LNKD, yaani 11, lakini anayesahau kutoa moja atasoma LNKA, ambacho ni 10, naye atasubiri katizo kwenye mlango ambao hakuna mtu anayeugonga. Ndiyo maana nilitaka vifaa viwili, na viwe kwenye nafasi hizo.

Ukishapata ingizo lako, angalia sehemu ya chanzo. Ikiwa ni 0, sehemu ya nne ndiyo GSI yenyewe, na ishara ni ile ya desturi ya PCI, kiwango kwa volti ya chini. Ikiwa ni jina la kiungo, kama LNKD, nenda kwenye kifaa hicho cha PNP0C0F na uendeshe \_CRS yake. Itakupa namba pamoja na aina ya ishara, nawe uifuate kama ilivyo. Kiungo kikiwa hakijapangwa au kimezimwa, soma \_PRS upate namba zinazoruhusiwa, chagua mojawapo, na uipange kwa \_SRS. Kwenye mashine yetu namba zinazoruhusiwa ni 5, 10 na 11.

Kifaa kikiwa nyuma ya daraja la PCI lisilo na \_PRT yake, pini yake huzungushwa inapovuka daraja. Hesabu, pini zikianzia 0, ni hii:

```
pini_ya_juu = (pini + namba_ya_kifaa) % 4;
```

Kifaa cha 2 chenye INTA kinatokea upande wa juu wa daraja kama pini ya 2, yaani INTC. Baada ya hapo unalitafuta daraja, si kifaa, katika \_PRT ya juu, ukirudia hesabu kwa kila daraja unalovuka mpaka ufike penye jedwali.

Hatua ya 7: Jaza ingizo la I/O APIC

Chagua vekta. Nitatumia 0x50. Tafuta I/O APIC ambayo GSI 11 imo ndani ya milango yake. GSI ukitoa GSI ya kwanza ya chipu hiyo unapata n. Idadi ya milango inasomwa kwenye rejista ya 1, biti 16 hadi 23, ambazo hutaja namba ya mlango wa mwisho.

```
static void io_andika(volatile uint32_t *b,
                      uint8_t r, uint32_t thamani)
{
    b[0] = r;          /* chagua rejista */
    b[4] = thamani;    /* dirisha liko baiti 0x10 mbele */
}

io_andika(b, 0x10 + 2*n + 1, (uint32_t)apic_ya_prosesa << 24);
io_andika(b, 0x10 + 2*n,     0x18050);
```

Thamani ya 0x18050 imejengwa na vekta 0x50, biti ya 15 inayosema katizo ni la kiwango, na biti ya 16 inayouziba mlango kwa muda. Kama \_CRS au \_PRT ingesema volti ya chini, ungeongeza biti ya 13, na thamani ingekuwa 0x1A050. Nusu ya juu, yenye namba ya prosesa inayopelekewa katizo, huandikwa kwanza, na mlango hubaki umezibwa mpaka kishughulikiaji kiwe ndani ya IDT.

Hatua ya 8: Andika kishughulikiaji kinachokubali kushirikiana

Kama ulivyoona, e1000 na edu zote ziko GSI 11, hivyo zitatumia vekta moja. Kishughulikiaji cha vekta 0x50 kisiwe cha draiva yoyote. Kiwe cha kerneli, kipitie orodha ya draiva zote zilizojiandikisha, na kila draiva iulize kifaa chake kama ndicho kilichoita. Draiva ya edu inasoma rejista ya 0x24: ikiwa 0, inarudisha jibu la kwamba si yake, ikiwa na thamani, inaiandika thamani hiyo hiyo kwenye rejista ya 0x64 ili kifaa kiachie waya. Draiva ya e1000 inasoma rejista ya 0xC0, na kusoma kwenyewe kunafuta sababu za katizo, kwa hiyo hifadhi ulichosoma kabla ya kukifanyia kazi. Rejista za edu zisomwe na kuandikwa kwa baiti nne nne.

Orodha ikiisha, ndipo uandike 0 kwenye rejista ya 0xB0 ya APIC ya prosesa kutangaza kwamba katizo limehudumiwa. Mpangilio huu haubadiliki: kinyamazishe kifaa kwanza, tangaza baadaye. Ukitangaza wakati waya bado umeshikwa, I/O APIC itauona tena na kuleta katizo lile lile papo hapo. Kwenye mashine za kweli ongeza jambo moja: baada ya kuandika kwenye kifaa, soma rejista yake yoyote isiyo na athari, kwa sababu maandishi ya kwenda PCI yanaweza kukawia njiani wakati wewe umeshatangaza.

Usiache kupitia orodha baada ya draiva ya kwanza kukubali. Ukiacha, kifaa cha pili kitahudumiwa kwenye katizo litakalorudiwa, kazi itaendelea ila kwa kusuasua.

Hatua ya 9: Fungua mlango na ujaribu

Washa biti ya 1 ya rejista ya amri ya edu ili kumbukumbu yake isomeke, zima biti ya 10, andika 0x8050 kwenye nusu ya chini ya ingizo ili kuufungua mlango, kisha ruhusu makatizo kwa sti. Sasa andika 1 kwenye rejista ya 0x60 ya edu. Kishughulikiaji kinapaswa kuitwa mara moja, na mara moja tu, hesabu uone. Katika katizo.log utakuta mstari wenye v=50.

Rudia kwa e1000: fungua biti moja kwenye rejista ya 0xD0, kisha andika biti hiyo hiyo kwenye 0xC8, ambayo huiamuru kadi itoe katizo. Mwisho, amuru vifaa vyote viwili makatizo yakiwa yamezuiwa kwa cli, ndipo uyaruhusu. Vifaa vyote viwili vikihudumiwa na mashine ikatulia, njia yako ni nzima.

Neno fupi kuhusu MSI

Kifaa chenye uwezo wa namba 0x05 katika orodha inayoanzia nafasi ya 0x34 kinaweza kupeleka katizo bila waya, kwa kuandika vekta kwenye anwani ya 0xFEE00000 iliyojumlishwa namba ya APIC ya prosesa ikiwa imesogezwa biti 12. Hakuna \_PRT, hakuna I/O APIC, hakuna kushirikiana. Edu inao uwezo huo. E1000 ya QEMU haina. Kwenye mashine za kweli nashauri uitumie kila inapopatikana, na njia ya pini ibaki kwa vifaa visivyo na uwezo huo. Kumbuka tu kuwasha biti ya 2 ya rejista ya amri, kwani kifaa kisichoruhusiwa kuandika kwenye kumbukumbu hakiwezi kutuma MSI.

Mambo yakikwama

*Hakuna katizo kabisa.* Fuata njia kutoka kwenye kifaa, kituo kwa kituo, wala usirukie katikati. Je, rejista ya 0x24 ya edu ina thamani? Je, biti ya 3 ya rejista ya hali, nafasi ya 0x06, imewaka? Ikiwa ndiyo, kifaa kimeshika waya. Ingia kwenye dirisha la amri la QEMU uandike info pic uone mlango gani umefunguliwa na una vekta gani, kisha info lapic uone kama katizo limefika kwa prosesa na linasubiri. Likiwa linasubiri, ama makatizo bado yamezuiwa, ama kuna katizo la kipaumbele kikubwa zaidi ambalo hukulitangaza kwisha. Kipaumbele kinatokana na tarakimu ya kwanza ya vekta, hivyo 0x60 iliyosahauliwa huizuia 0x50.

*Katizo linakuja mara moja halirudi.* Hukuandika kwenye 0xB0, au umeandika kwa njia ya zamani ya poti 0x20, ambayo ni ya chipu za 8259 na haisaidii hapa.

*Makatizo hayakomi na mashine inaganda.* Kuna aliyeshika waya na hakuna anayemhudumia. Mara nyingi si kifaa unachokiandikia draiva bali jirani yake wa GSI moja. Rudi kwenye biti ya 10 ya hatua ya 2.

*Vekta 0xFF inaitwa mara chache.* Ni katizo la uongo. Rudi bila kutangaza chochote kwenye 0xB0.

*Kosa la vekta 8 mara tu baada ya sti.* Saa ya zamani bado inapita kwenye 8259 ambayo haikuhamishwa, na mlango wake wa 0 unaangukia vekta 8. Wengi hudhani ni kosa maradufu la prosesa na kuanza kukagua rafu za kumbukumbu. Kagua hatua ya 3 kwanza.

*QEMU inakubali, mashine ya kweli inakataa.* Kagua mambo manne kwa mpangilio huu: kama kuna mahali ulipotumia namba ya 0x3C, kama uliendesha \_PIC, kama umeheshimu volti iliyotajwa kwa kila njia, na kama mazabodi ina I/O APIC zaidi ya moja ilhali wewe umeandika kwenye ya kwanza tu. Kabla ya kubeba diski ya USB kwenda kwenye mashine hiyo, ijaribu kerneli yako kwa -M q35. Huko njia za PCI zinaangukia GSI kati ya 16 na 23, ambako namba ya 0x3C haiwezi kulingana nazo hata kwa bahati, na kerneli iliyokuwa ikibebwa na bahati itaonekana hapo hapo mezani pako.